Kaimu wa Sanduku

Msomaji aliyezoea kunikuta nikijadili bajeti, ajira na utumishi wa umma huenda akashangaa leo nikianza na gitaa. Naomba anivumilie. Ninachotaka kukieleza ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho nilihangaika nacho kwa miezi mitatu. Mwisho wake, hata hivyo, ni habari ya mtu na ujira wake, na hapo tutakutana tena kwenye mambo yetu ya kila siku.

Napiga gitaa la besi. Sipigi kwa ajili ya kuishi, maana mshahara wangu unatoka chuoni. Lakini jioni za mwisho wa wiki hukaa na kikundi kidogo cha taarab na kidumbaki, watu saba tu, tunaopiga harusini na mara chache mbele ya wageni. Anayekijua kidumbaki anavijua vyombo vyake: ngoma mbili ndogo zilizokipa jina lake, fidla, cherewa, mkwasa na sanduku. Sanduku ndilo besi yetu ya asili. Ni sanduku la mbao nyepesi, la aina iliyokuwa ikisafirishia majani ya chai kabla biashara hiyo haijahamia kwenye mifuko ya karatasi. Hufudikizwa chini, na katikati ya mgongo wake hutoka uzi mmoja unaopanda hadi kwenye ncha ya fimbo. Mpigaji akiivuta fimbo, uzi hukaza na sauti hupanda, akiiachia, hushuka. Hakuna alama yoyote inayomwonyesha noti iko wapi. Noti iko mkononi na sikioni mwake.

Katika kikundi chetu, sanduku lilikuwa la mzee mmoja aliyekwishapita miaka sabini. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuniomba nimwandike. Sisi sote tulimwita Babu. Nyimbo za taarab nilizipiga mimi kwa gitaa, na zikifika za kidumbaki nilikaa pembeni, naye akasogea mbele. Mpango huo ulidumu miaka mingi bila mtu yeyote kuuandika mahali.

Siku moja tukaalikwa kupiga Forodhani, bahari mbele yetu na Ngome Kongwe nyuma. Barua ya mwaliko ilisema malipo ni ya watu sita. Kiongozi wetu akaniita kando.

“Maalim, mmoja lazima apungue. Na besi mbili za nini? Sanduku lenyewe ukiliwekea maikrofoni linapiga mluzi jukwaa zima. Wewe tafuta kile kifaa cha kuinenepesha sauti ya gitaa, utupe sauti ya sanduku humo humo.”

Simlaumu, wala sitaki msomaji amlaumu. Fedha za sanaa hapa petu ni finyu. Tamasha la Sauti za Busara, linalojulikana dunia nzima na linalofanyika humo humo Ngome Kongwe, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu ya kukosa fedha. Ikiwa hao yaliwafika, sisi wa harusini ni nani? Kiongozi alikuwa na hesabu ya watu sita na watu saba wa kuwalipa. Mtumishi yeyote aliyewahi kupokea ukomo wa bajeti kutoka juu anaijua hali ile.

Ninachokiri ni kwamba mimi nilifurahi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitafuta sababu ya kununua fazi.

Fazi ni pedali, yaani kisanduku cha chuma unachokiwasha kwa mguu, kinachokaa baina ya gitaa na amplifaya. Kazi yake ni kuiharibu sauti kwa makusudi. Mawimbi ya gitaa huingia yakiwa na migongo ya mviringo. Ndani ya kifaa hukuzwa kupita kiasi hadi yanagonga dari na sakafu, na kila kinachozidi hukatwa. Yanatoka yakiwa na pembe kama ngazi, na pembe zile ndizo sikio linazozisikia kama mkoromo, unene na joto. Masikio yetu hayakufunzwa na Wazungu kuupenda mkoromo huo. Wagogo wa Dodoma huziba tundu la marimba yao kwa utando wa buibui ili kila noti ivume. Kule Kinshasa, kikundi cha Konono No. 1 kiliziunganisha likembe na spika chakavu, na dunia ikaja kuwasikiliza. Sanduku la Babu nalo lilikoroma: uzi, mbao na sakafu vilitetemeka pamoja, na hukuweza kusema kipi ndicho kilichotoa sauti.

Kumchagulia besi fazi ni kazi ngumu kuliko kumchagulia gitaa la kawaida, na nitaeleza kwa nini, kwa kuwa vijana kadhaa wameniuliza. Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde. Ule wa besi ni takriban mara 41. Fazi nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la kwanza. Ukizipitishia besi, zinaongeza kelele za juu kwa wingi na kuziacha zile za chini kabisa zikififia. Chumbani peke yako utaiona sauti ni kubwa na ya kutisha. Ukikaa na wenzako, utagundua kwamba wimbo umepoteza sakafu.

Nilijaribu tatu. Ya kwanza alinitumia aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye sasa anafanya kazi Muscat. Ilifuata mfano wa Fuzz Face, fazi ya duara iliyotoka London mwaka 1966, na ndani yake mlikuwa na transista za jerimaniamu. Usiku, nyumbani, ilikuwa tamu: laini, yenye joto, inayopoa mara tu ukipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe. Lakini jerimaniamu haivumilii hari. Joto likipanda, mkondo wa umeme unaovuja ndani ya transista huongezeka, na joto likizidi nyuzi kumi hivi huweza kuwa maradufu. Nilipoipeleka mazoezini alasiri ya kaskazi, chini ya paa la bati, ilianza kukohoa. Noti zilikatika kabla ya wakati, nyingine zikatoka kama mtu anayezungumza na chakula mdomoni. Kifaa kilichozaliwa kwenye baridi kilikuwa kimefika kwetu bila kuulizwa kama kitaweza kukaa.

Ya pili niliazima kwa mpiga gitaa wa hotelini. Ilikuwa ya ukoo wa Big Muff, fazi ya kampuni ya Electro-Harmonix ya New York. Miaka ya 1990 fazi hizo zilitengenezwa pia Urusi kwa jina la Sovtek, na wapiga besi wengi walizipenda kwa jinsi zilivyohifadhi sauti za chini. Transista zake ni za silikoni, na hari haikuishughulisha. Tatizo lake lilikuwa jingine. Inafanya noti iwe ndefu mno, tena inapunguza sauti za kati, zile ambazo sikio linazishikilia ili kuitambua noti. Peke yangu nilijiona mfalme. Ilipoingia fidla na sauti ya mwimbaji, besi ikageuka moshi: iko, imetanda, lakini huwezi kuishika.

Ya tatu niliagiza mwenyewe, na bei yake ilizidi ujira wa Babu wa maonyesho manne. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya besi. Ndani yake sauti hugawanyika njia mbili: moja hupita safi bila kuguswa, nyingine huvurugwa, kisha kifundo kimoja huamua kila moja iingie kwa kiasi gani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali langu lote la awali lilikuwa limekosewa. Nilikuwa nikiuliza ni fazi ipi yenye sauti nene. Unene hautoki kwenye fazi. Unatoka kwenye sauti safi ya chini iliyobaki mahali pake, na fazi ikiwa imelala juu yake kama kitambaa. Theluthi mbili safi, theluthi moja ya mkoromo. Kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja ili noti iwe fupi. Nyuzi kuukuu zilizokwisha makali. Nikakaribia.

Nasema nilikaribia, kwa kuwa nilikuwa na kipimo. Kabla ya kuagiza pedali ya tatu nilikwenda Ng'ambo kwa Babu, nikamwomba anipigie sanduku peke yake, nikaweka simu juu ya mkeka irekodi. Alipiga kwa muda wa nusu saa. Alipopumzika akaniuliza:

“Unarekodi ya nini, Maalim?”

“Kumbukumbu, Babu.”

Haikuwa uongo. Wala haikuwa kweli. Nilikuwa nimekwenda kuchukua sauti yake ili niipeleke Forodhani bila yeye, naye akaniletea chai.

Wiki zile nilikuwa nikisoma pia habari za fazi yenyewe ilikotoka, na nikakuta jambo lililonikosesha raha. Sauti ile ilizaliwa kwa ajali mjini Nashville, Marekani, katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961. Grady Martin alikuwa akipiga besi ya nyuzi sita kupitia mtambo wa studio uliokuwa na hitilafu, na gitaa likakoroma. Badala ya kuifuta, wakaiacha. Mwaka 1962 Gibson wakatoa kifaa cha kuitoa hitilafu ile kwa hiari, kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, na wakakitangaza kuwa kinaweza kulifanya gitaa lisikike kama tarumbeta na hata chelo. Yaani tangu siku ya kwanza kiliuzwa kama mbadala wa mtu mwingine. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alikitumia kwenye “Satisfaction” kwa nia ya kuonyesha tu mahali ambapo wapiga tarumbeta wangekuja kupiga baadaye. Wimbo ukatoka vile vile ulivyo. Wapiga tarumbeta hawakuitwa.

Watumishi wenzangu wanaijua hadithi hiyo kwa jina jingine. Inaitwa kukaimu. Mtu au chombo huwekwa mahali kwa muda, hadi mwenye nafasi apatikane. Siku zinapita, kazi inakwenda, hakuna anayelalamika, na ule muda unakuwa ndio utaratibu. Baada ya miaka miwili ukiuliza mwenye nafasi ni nani, vijana wanakutazama kwa mshangao, kwa kuwa kaimu ndiye pekee waliyepata kumwona. Hakuna barua ya kumwondoa aliyeondoka. Hakufukuzwa. Hakuitwa tu.

Nililijua hilo, na nilipiga.

Usiku ule Forodhani ulikuwa mzuri. Upepo ulitoka baharini, moshi wa mishikaki ulipita juu ya vichwa, na watoto walikuwa wakijirusha majini kutoka ukutani kama kawaida yao. Tulipofika kwenye kidumbaki nikaikanyaga pedali, na besi ikashuka chini ya miguu ya watu. Akina mama walisimama kucheza. Mtu mmoja nisiyemjua alinishika mkono baada ya onyesho akasema hajasikia besi nzito namna ile tangu utoto wake. Wenzangu walinipongeza. Na katika watu wote waliokuwepo, hata mmoja hakuuliza Babu yuko wapi.

Hilo ndilo lililonirudisha nyumbani bila usingizi. Laiti sauti ingekuwa mbaya, kosa lingejisahihisha lenyewe. Mara ya pili tungemwita. Ilikuwa nzuri vya kutosha kumfanya asihitajike, na sikio la umma, ambalo huku kwetu tunalisifu sana, halikumtetea.

Siku ya pili nilikwenda Ng'ambo na bahasha yenye nusu ya ujira wangu.

“Shikamoo Babu.”

“Marahaba. Nilijua utakuja. Vijana walishaniambia.” Akanitazama kidogo. “Ile sauti umeipata?”

“Nimeikaribia.”

“Wamekulipa?”

“Wamenilipa.”

“Na ile mashine, nayo imelipwa?”

Sikuwa na jibu. Nilimpa bahasha, nikaanza maneno marefu ya kuomba radhi. Hakuyasikiliza. Alizihesabu fedha mbele yangu, bila haya na bila hasira, akazitia mfukoni. Kisha akauliza swali ambalo tangu hapo nimelirudia kwenye kila kikao ninachoingia:

“Hiyo maikrofoni mnayosema inapiga mluzi, kuna aliyeniuliza mimi huwekwa wapi?”

Hakuna. Watu wazima sita, mmoja wao mhadhiri, tulikubaliana kwamba sanduku haliwezi kuingia kwenye spika, na hatukumuuliza aliyelipiga tangu ujana wake. Jumamosi iliyofuata alikuja nalo mazoezini. Aliinua ukingo mmoja wa sanduku kwa kipande cha mbao, akasukuma kanga kuukuu ndani, akatutaka tuiweke maikrofoni kwenye upenyo ule wa chini, ikitazama ndani, na spika ya jukwaani tuihamishie upande wa pili. Mluzi haukutoka. Kazi nzima ilichukua muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa, na gharama yake ilikuwa kanga ambayo tayari ilikuwa imechanika. Mimi nilikuwa nimetumia miezi mitatu na fedha za maonyesho manne.

Sisemi haya ili kuitukana pedali. Bado ninayo na naitumia katika nyimbo za taarab, na kijana atakayeniuliza nitamshauri kama nilivyoandika hapo juu: chagua ya silikoni kwa hari yetu, hakikisha ina njia ya sauti safi, iunganishe moja kwa moja baada ya gitaa, na usiinunue kabla hujaijaribu na kundi zima, mahali na saa utakayopigia. Futa chumvi kwenye viunganishi vyake kila wiki, kwani hewa ya Mji Mkongwe hula chuma. Ninachokataa ni ile kazi tuliyompa. Ilipokuwa fazi ilikuwa chombo kizuri. Tulipoitaka iwe mtu, tulianza kusema uongo.

Wala kosa hili si la wanamuziki peke yao. Mara ngapi tumenunua mfumo mpya wa kompyuta wa kufanya kazi ya karani, kabla ya kumuuliza karani tatizo liko wapi? Ripoti ya mradi husema ufanisi umeongezeka, na huenda umeongezeka kweli. Safu ya kuonyesha aliyekuwa akiifanya kazi ile, alichokuwa akikijua na alikokwenda, haimo katika jedwali. Jina la Forodhani linatokana na forodha: mahali ambapo kila kinachoshuka melini hukaguliwa na kutozwa ushuru. Pedali yangu ilipofika nchini ilikaguliwa, nikalipa, nikapewa risiti. Hapakuwa na wa kuuliza inakuja kukaa mahali pa nani, na kwa kweli swali hilo si la afisa wa forodha. Lilikuwa langu.

Sasa kidumbaki tunakipiga na sanduku, na tumerudi kuwa saba. Sitadai kwamba mambo yamekwisha vizuri. Ujira wa watu sita ukigawanywa kwa saba, kila mmoja anapungukiwa, na wawili miongoni mwetu wana watoto shuleni wasiokula heshima ya utamaduni. Tulibishana kwa jioni mbili. Mmoja alisema wazi kwamba mimi mwenye mshahara sina haki ya kuwafundisha wengine ukarimu, na alisema kweli. Tukakubaliana kwamba upungufu nitaubeba mimi hadi mwisho wa mwaka, kisha tutajadili upya. Babu mwenyewe amependekeza afundishwe kijana mmoja, ili siku atakapokosekana asikaimiwe na mashine. Kijana amepatikana. Bado anavuta fimbo kwa nguvu mno na noti zake zinapanda kuliko anavyotaka, na Babu humpiga kijiti cha mguu.

Wiki iliyopita umekuja mwaliko mwingine, mahali pale pale. Barua inasema watu sita. Tumewajibu kwamba sisi ni saba, tukaorodhesha kila mmoja na chombo chake, na mbele ya namba saba tukaandika: sanduku. Hawajatujibu.